Mlima Afadja na Maporomoko ya Juu ya Wli: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Afrika Mashariki

Mlima Afadja, ulioko mashariki mwa Ghana karibu na mpaka wa Togo, una urefu wa mita 885 tu kutoka usawa wa bahari, na ni hilo neno "tu" linalowaponza wasomaji. Mtu aliyekulia akiutazama Kilimanjaro wenye mita 5,895, au aliyekwisha kupanda Meru na Longonot, huiona namba hiyo akatabasamu. Huamua kwamba ataumaliza mlima asubuhi, atayaona maporomoko ya Wli mchana, na usiku atalala Accra tayari kwa kikao cha kesho yake.

Wengi walioniandikia walirudi wakiwa wameona nusu ya walichokifuata. Wengine waliishiwa maji katikati ya mlima, wengine walifika Wli alasiri wakaambiwa kwamba njia ya juu haianzwi saa hizo, na mmoja alishuka akiwa ameshikwa mkono na kiongozi kwa sababu magoti yalikuwa yanamtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kufika kilele cha Afadja na maporomoko ya juu ya Wli kwa siku mbili za kutembea, ukilala Hohoe usiku tatu. Anayetaka kufanya yote kwa siku moja asiendelee kusoma, kwa kuwa sina njia ya kumpa.

## Mahali penyewe

Safu ya Akwapim–Togo huanzia karibu na Accra, hupanda kuelekea kaskazini-mashariki, kisha huvuka mpaka na kuendelea ndani ya Togo hadi Benin, ambako huitwa Atakora. Sehemu tunayoizungumzia iko katika Mkoa wa Volta, nchi ya Waewe, na mji wa kuutegemea ni Hohoe. Kijiji cha Liati Wote kiko chini ya Afadja. Wli iko kilomita zipatazo 20 mashariki mwa Hohoe, kwenye hifadhi ya Agumatsa, ambayo imechukua jina la mto uletao maji ya maporomoko.

Kwenye ramani maeneo haya mawili yanaonekana kama majirani wa kupigiana hodi. Yako kwenye safu moja, ni kweli, lakini magari ya abiria kati yao ni machache na mara nyingi utalazimika kurudi Hohoe kwanza.

## Vitu vya kuandaa

Orodha ni fupi kwa makusudi, kwa sababu kila kilo unayoibeba utaihisi kwenye mapaja.

- Viatu vyenye soli ya meno, vilivyokwisha kuvaliwa. Kiatu kipya kitakutoa malengelenge kabla ya saa moja. Viongozi wa kijijini wataonekana wakipanda kwa kandambili. Usiwaige, wao wameijua njia hiyo tangu wakiwa watoto.
- Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu. Mlima huu una mmea unaowasha ngozi kwa namna ambayo mtu wa kwetu angeiita upupu, na baadhi ya wenyeji hulihusisha hata jina la mlima na mmea huo. Kaptula hapa ni kosa.
- Soksi ndefu, ambazo utaziingizia miguu ya suruali. Sababu ni siafu na kupe.
- Maji lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya Wli, na si chini ya lita 2 kwa Afadja, pamoja na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini.
- Chakula kikavu: karanga, ndizi mbivu, mkate, mayai ya kuchemsha.
- Taa ya kichwani, hata kama una hakika utarudi mchana.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu, pesa na pasipoti. Wli italowesha kila kitu.
- Koti jepesi la mvua, plasta, dawa ya kufukuza mbu, na noti ndogo ndogo za sedi. Noti kubwa kijijini humtia kila mtu usumbufu, na mtandao wa simu wa kutumia pesa si wa kutegemea kila mahali.

Fimbo usibebe kutoka nyumbani. Utaipata Liati Wote.

## Hatua ya 1: Chagua majira kabla ya tiketi

Upande huu wa Ghana una misimu miwili ya mvua: mkubwa, kuanzia Aprili hadi Julai, na mdogo, kwenye Septemba na Oktoba. Kuanzia Desemba hadi Februari huvuma Harmattan, upepo mkavu unaobeba vumbi la Sahara, ambao huzifunika anga kwa ukungu mweupe mfano wa moshi wa jikoni.

Hapa kuna mvutano ambao lazima uuamue mwenyewe. Wakati wa mvua, maporomoko hujaa na kunguruma, lakini njia za milimani huwa tope na majani yaliyolowa, na mteremko wa Afadja hugeuka utelezi. Wakati wa Harmattan njia ni kavu na salama, lakini unaweza kutweta hadi kileleni, ukasimama pale, ukaona weupe mtupu. Mimi huchagua Novemba, mvua zinapokuwa zimekatika, maji bado ni mengi mtoni, na vumbi halijafika sawasawa. Agosti, mvua zinapopungua kati ya misimu miwili, ni chaguo la pili.

Utajua umechagua vizuri ikiwa kileleni utaliona Ziwa Volta likimeta upande wa magharibi na vilima vya Togo upande wa mashariki.

## Hatua ya 2: Chanjo na karatasi

Ghana humtaka kila msafiri mwenye umri wa miezi 9 na zaidi awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo anayekwenda kliniki juma la safari amechelewa. Ukiwa ulichanjwa zamani usichanjwe tena bila sababu: tangu Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha yote. Kibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwani utaulizwa pia ukirudi nyumbani, Ghana ikiwa miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Malaria ya Ghana usiidharau kwa kuwa umeizoea ya kwenu. Mtu wa Nairobi au Arusha, anayeishi mahali penye mbu wachache, hana kinga kubwa kuliko mgeni mwingine yeyote. Amwone daktari kuhusu vidonge vya kinga. Masharti ya viza kwa raia wa Afrika yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo uliza ubalozini kabla ya kulipia ndege.

## Hatua ya 3: Fika Hohoe jua likiwa bado juu

Wengi wenu mnafika Accra kwa mikutano, hasa tangu makao ya Sekretarieti ya Eneo Huru la Biashara la Afrika yalipowekwa huko. Kosa la kwanza hufanyika hapo hapo: kuondoka Accra baada ya chakula cha mchana. Hohoe iko kilomita zipatazo 220, na kwa gari la abiria, ambalo Waghana huliita trotro na ambalo ni ndugu wa tumbo moja na daladala na matatu, hesabu saa nne hadi tano za barabarani. Juu ya hizo ongeza muda wa kungoja gari lijae, kwa kuwa trotro haina ratiba ila viti vyake.

Ondoka mjini asubuhi mapema. Gari likifika Atimpoku, kwenye Daraja la Adomi linalovuka Mto Volta, wachuuzi watalizingira wakiwa na sinia kichwani: abolo, mkate laini wa mahindi wenye utamu kidogo, na visamaki vya kukaangwa ambavyo mtu wa Mwanza atavitambua kama binamu wa dagaa. Nunua vyote viwili. Huo ndio mlo wangu wa njiani kila mara, na haujawahi kunisumbua tumbo.

Tahadhari ya barabarani. Ghana huendesha upande wa kulia, kinyume na Kenya, Uganda na Tanzania. Hatari hii humpata mtembea kwa miguu kuliko dereva. Ukishuka kwenye gari na kutaka kuvuka, shingo yako itageuka upande wa kulia kwa mazoea ya miaka yote, na gari litakuja kutoka kushoto. Kwa siku ya kwanza jizoeze kutazama pande zote mbili, kisha utazame tena.

## Hatua ya 4: Jioni ya Hohoe

Usilale kabla ya kumaliza mambo mawili.

La kwanza ni usafiri wa kesho. Magari ya abiria ya kwenda Liati Wote ni machache na huja kwa nyakati zake, hivyo tafuta pikipiki au teksi ya kukodi. Ukitaka teksi peke yako, bila abiria wengine, sema unataka "dropini". Usiposema, dereva atakuchukulia kama abiria wa kuchangia na utamngoja mpaka ajaze. Patana bei ya kwenda na kurudi, na umlipe nusu. Dereva uliyemmalizia fedha zote asubuhi hana haja ya kukukumbuka mchana.

La pili ni saa. Mswahili huanza kuhesabu saa alfajiri, ilhali Mghana huzihesabu kutoka usiku wa manane, kama Waingereza. Niliwahi kumwambia dereva anifuate "saa kumi na mbili", nikiitafsiri kichwani neno kwa neno, naye akafika jua likiwa utosini, akiwa mtulivu na mwenye tabasamu, kwa kuwa ndicho nilichomwambia. Ukitaka kuondoka alfajiri, taja sita. Kisha mwonyeshe kwenye simu, nambari zikisomeka 6:00. Kumbuka pia kwamba Ghana iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3, jambo ambalo hukufaidi: mwili wako utaamka wenyewe mapema. Kuanzia hapa, saa zote nitakazozitaja ni za Kiswahili.

Kula chakula cha kutosha usiku huo. Akple kwa mchuzi wa bamia, chakula cha nyumbani cha Waewe, hakitamshangaza mla ugali, ila bamia zao ni za kuteleza kwelikweli, na akple hufinyangwa kwa mkono wa kulia. Pilipili yao si mchezo. Omba iwekwe pembeni.

Jaza maji usiku huo huo. Maji yanayouzwa kila mahali ni ya mifuko ya plastiki ya nusu lita, ambayo hutobolewa pembe kwa meno na kunywewa papo hapo. Yamimine kwenye chupa zako, kwani mfuko ukipasuka ndani ya begi hauna msamaha.

## Hatua ya 5: Jiandikishe Liati Wote

Kupanda Afadja huanzia kwenye ofisi ya wageni kijijini, ambako utaandika jina, utalipa ada na kupewa kiongozi. Usimlipe kijana yeyote anayekusimamisha barabarani, hata akiwa na maneno matamu. Lipa ofisini na udai risiti. Sababu si uaminifu peke yake: utalii wa aina hii umejengwa juu ya makubaliano kwamba kijiji kinaulinda msitu, nacho hupata fungu katika ada za wageni. Fedha inayopitia pembeni humlipa mtu mmoja, na msitu hauoni kitu.

Wengine huuliza kama wanaweza kupanda bila kiongozi kwa kuwa njia "inaonekana". Jibu ni hapana. Njia inaonekana hadi itakapogawanyika mashambani, na mtu akiteguka kifundo cha mguu huko juu hakuna atakayejua.

Salamu zitakufungulia mlango kuliko fedha. Ukikaribishwa utasikia "woezo". Kushukuru ni "akpe". Usimpe mtu kitu wala usipokee kwa mkono wa kushoto, adabu ambayo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Ukiwakuta wazee wameketi kwa mstari, anza kuwapa mkono aliye upande wako wa kulia, uende ukielekea kushoto. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Chukua fimbo. Ipime: ukiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu.

## Hatua ya 6: Panda polepole kuliko unavyotaka

Hapa ndipo penye kazi. Anzeni kabla ya saa 2 asubuhi.

Mwanzo ni wa kudanganya: mashamba, migomba, miti ya kakao yenye matunda yaliyoota moja kwa moja kwenye shina kama fenesi. Mtu huongeza mwendo. Kisha njia huinama juu ghafla na kubaki hivyo. Milima mirefu ya kwetu ina njia nyingi zinazozunguka na kumpumzisha mpandaji. Afadja inapanda wima, na kwa sehemu kubwa utakuwa ukishika mizizi na mawe kama ngazi zisizolingana. Mwenye mazoezi hutumia yapata saa nzima. Wengine hutumia saa moja na nusu au mbili, na hakuna aibu.

Kinachowashinda watu ni mchanganyiko wa mwinuko na unyevu. Ndani ya msitu hewa imejaa mvuke, upepo haufiki, na jasho halikauki, hivyo mwili unapoteza maji bila kupoa. Watu wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam wataielewa hali hii. Wa nyanda za juu watashangaa kwamba mita 885 zinawatoa pumzi kuliko 3,000 za kwao, ambako angalau hewa ni ya baridi.

Fanya hivi:

1. Pima mwendo kwa maneno. Kila baada ya muda mwambie mwenzako sentensi nzima. Ukishindwa kuimaliza bila kukata pumzi, punguza hatua. Kiongozi atakuambia "blewu, blewu", na maana yake ni ile ile ya polepole uliyoisikia Kilimanjaro.
2. Pumzika dakika 2 kila baada ya dakika 15, ukiwa umesimama. Ukikaa kila mara misuli itapoa na kila kuanza upya kutakuwa adhabu.
3. Kunywa mafunda machache kila pumziko, hata bila kiu. Ukifika kileleni uwe umebakiwa na nusu lita ya kushukia.
4. Tazama unaposimama. Mwenzangu mmoja alichagua jiwe zuri la kuegemea na hakuutazama mstari mweusi, mpana kama kamba ya meli, uliokuwa ukipita miguuni pake. Siafu hawaumi mara wapandapo. Hupanda kimya mpaka wafike juu ya goti, kisha ni kama wameamrishana. Alivua suruali pale pale mbele ya wanafunzi wa shule waliokuwa wakishuka. Ukiuona mstari huo, uruke kwa hatua moja ndefu na uendelee kutembea mita kadhaa kabla ya kusimama.
5. Usishike mmea usioujua. Mkono ukitafuta msaada, uende kwenye fimbo au kwenye shina ulilolitazama kwanza. Ukiwashwa, usisugue kwa kucha. Kusugua husambaza manyoya ya mmea. Yabandue kwa plasta, kisha osha kwa maji.

Dalili za kurudi nyuma: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, au ngozi kusisimka kama ya mtu mwenye baridi ilhali kuna joto. Kaeni kivulini, legezeni nguo, mwagieni mgonjwa maji shingoni na kichwani, apewe ORS kidogo kidogo, kisha mshuke baada ya hali kutulia. Mtu anayeanza kuongea mambo yasiyoeleweka ni wa hospitali. Namba ya dharura nchini Ghana ni 112.

Kileleni utakuta kibao na uwazi ambao upepo hatimaye unafika. Ikiwa umefika ukiwa na maji, ukiwa na njaa badala ya kichefuchefu, na unaweza kuvihesabu vijiji vilivyo chini yako, umepanda vizuri. Kaa dakika 30. Vipepeo ni wengi, nao hupenda chumvi ya jasho. Ukitulia watakutua mkononi.

## Hatua ya 7: Shuka kwa fimbo, si kwa magoti

Wasomaji wengi huandika kwamba walipanda vizuri, "tatizo lilikuwa kushuka". Kupanda huchosha pumzi, lakini kushuka huchosha mapaja, kwa kuwa kila hatua misuli inafanya kazi ya breki huku ikivutwa. Ikichoka, mzigo wote huangukia goti.

Weka fimbo chini kwanza, kisha mguu. Hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo muda wote, na penye mwinamo mkali geuza mwili upande upande kama anayeshuka ngazi nyembamba ya nyumba ya Mji Mkongwe. Kwenye majani yaliyolowa kanyaga kwa unyayo mzima. Kisigino peke yake huteleza. Usikimbie hata kama watoto wa kijiji wanakupita kwa kukimbia.

Ukifika chini kabla ya saa 6 mchana na miguu ikikubali, umbali wa dakika 40 au zaidi kidogo kwa mguu kuna maporomoko ya Tagbo, njia ikipita kwenye mashamba ya kakao na kahawa. Njia hiyo ni ya tambarare zaidi, na maji baridi kwenye mapaja ni dawa kuliko mafuta yoyote ya kuchua. Magoti yakitetemeka, iache Tagbo. Kesho kuna kazi kubwa zaidi.

## Hatua ya 8: Siku ya Wli

Huulizwa kwa nini Afadja iwe ya kwanza. Kwa sababu Wli ina mlango wa kutokea: ukiamka miguu imekufa ganzi, unaweza kuyaona maporomoko ya chini kwa matembezi ya dakika 30 hadi 45 kwenye njia iliyo karibu tambarare, inayovuka mto mara nyingi kwa vidaraja vidogo. Afadja haina njia nyepesi ya kukupa.

Ondoka Hohoe alfajiri, ulipe ofisini kama jana, na utamke wazi kwamba unataka maporomoko ya juu. Ada na kiongozi ni tofauti, na usiposema utapelekwa ya chini kama wageni wengi. Saa 2 asubuhi muwe mmeanza kutembea. Njia ya juu huchukua yapata saa mbili au zaidi kupanda, ni ya mwinamo mkali, na sehemu zake zenye mawe huwa na maji hata wakati wa kiangazi. Kwenda na kurudi, tenga saa tano.

Wekeni saa ya kugeuka, nayo iwe saa 7 mchana. Popote mtakapokuwa saa hiyo, hata kama mngurumo unasikika mbele, rudini. Ghana iko karibu na ikweta kama kwetu: jua hutua karibu na saa 12 jioni na giza huingia kama pazia, na chini ya miti huwa giza mapema zaidi. Ushauri huu ndio unaovunjwa kuliko wote, na wanaouvunja ndio wanaoniandikia kuhusu taa za simu zilizozima.

Utasikia maporomoko kabla ya kuyaona, na kabla ya hapo utahisi upepo wa baridi usio na sababu. Maji yanapoanguka husukuma hewa, nayo hutoka na manyunyu yanayolowesha nguo. Funga simu kwenye mfuko *kabla* ya kufika, si baada.

Tahadhari za bwawani ni tatu. Usisimame chini ya maji yanapodondokea, kwa kuwa mto hushusha pia mawe na magogo, hasa baada ya mvua ya usiku. Maji yakibadilika rangi ghafla kuwa ya udongo, tokeni mara moja. Na kwenye miamba ya maporomoko huning'inia popo kwa maelfu, mchana kutwa wakilalamika. Watazameni kwa mbali, msiwarushie mawe ili waruke mpige picha, na msiguse aliyeanguka, mzima wala mfu.

Kijijini unaweza kupewa ofa ya nyamapori. Ikatae kwa heshima. Huwezi kulipa ada ya kuulinda msitu asubuhi na kuila nyama yake mchana.

Umefaulu ikiwa umerudi kwenye ofisi ya Wli kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu magari ya pamoja ya kurudi Hohoe hupungua kadiri jioni inavyokaribia. Pumzika Hohoe usiku wa tatu, urudi Accra asubuhi. Kesho yake utashuka ngazi za hoteli kinyumenyume. Hali hiyo huisha kwa siku mbili au tatu. Goti lililovimba ni jambo jingine, na linahitaji kutazamwa.

Ukipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, pima malaria siku hiyo hiyo, na mwambie daktari kwamba ulikuwa Ghana, ulitembea msituni na ulikuwa karibu na popo. Asipouliza, mwambie wewe.